Namba 8 Iliyotuaibisha

Wasee, majuzi Kitale binamu yangu wa Bungoma alifunga mshipi namba 8 kwenye fimbo ya mikono miwili, namba 8 pia. Akarusha, chambo kikaanguka miguuni. Watu wakacheka: "Mchezo wa wazungu huo!"

Kweli, Grogan ndiye alileta mayai ya trauti Kenya, 1905. Lakini hata wazungu namba ziliwasumbua. Mishipi ya hariri ilipimwa kwa unene. Plastiki ilipokuja, unene haukuonyesha uzito tena, so 1961 Wamarekani wakaweka namba za uzito.

Shida: 8 ya mkono mmoja ni gramu 14 hivi, ya mikono miwili hupita 30. Mshipi mwepesi haupindi fimbo.

Binamu hakukosea mkono. Uliza gramu, kisha rusha.