UZI: Nani hulipia ngoma? Historia ya pesa za sanaa, tukiitazama kutoka Kibuyuni

1/ Kila msimu wa siasa mjadala huu hurudi. Upande mmoja: "Serikali haijawahi kumsaidia msanii." Upande wa pili: "Pesa ziko, wasanii hawaombi." Kila upande una ukweli wake kidogo, na zote mbili zinaruka historia. Twende polepole, bila kutaja jina la mtu wala chama.

2/ Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili chetu kina neno moja tu: kuomba. Waomba maji, waomba msamaha, waomba kazi. Mtu aliyeenda nyumbani kwa mheshimiwa kueleza shida zake ameomba. Kikundi kilichojaza fomu ya pesa za umma nacho kimeomba. Lakini hapo kuna mambo mawili tofauti kabisa. Ukinyimwa la kwanza, washukuru na kurudi nyumbani. Ukinyimwa la pili, una haki ya kuuliza kwa nini. Kwa zaidi ya miaka mia, pwani yetu imechanganyiwa hayo mawili.

3/ Mwanzoni mwa karne ya 20, Mombasa ilikuwa na vyama vya ngoma ya beni, Kingi na Scotchi, wakishindana kwa mavazi, tarumbeta na karamu. Nani alilipa? Wanachama walichanga, na wenye mali waliotaka jina mtaani wakaongeza. Kina mama wa lelemama nao walikuwa na vyama vyao, vyeo vyao na michango yao. Kwa hivyo yule anayesema "zamani watu walicheza bure" hajui anachosema. Ngoma siku zote ilikuwa na gharama na siku zote ilikuwa na mlipaji.

4/ Serikali ya mkoloni ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye kibali. Ukitaka kupiga ngoma mjini, uende ukaombe ruhusa. Yaani serikali ya kwanza tuliyokutana nayo kwenye sanaa ilikuja kuuliza nani kawaruhusu. Mazoea hayo hayakuisha bendera ilipobadilishwa.

5/ Pesa za umma zilipoanza kuonekana, zilionekana Nairobi. Sheria ya Kituo cha Utamaduni cha Kenya ni ya 1951, na ukumbi wa Kenya National Theatre ukafunguliwa 1952. Miaka yake ya kwanza uliwahudumia zaidi wazungu. Baada ya uhuru ikaja Bomas of Kenya, 1971: ngoma za jamii mbalimbali chini ya paa moja pale Lang'ata. Wazo zuri, hakuna ubishi. Lakini fikiria maana yake kwa Kwale. Ngoma ikitoka kijijini, mshahara unabaki kwa mchezaji aliyeajiriwa Nairobi. Mzee aliyeihifadhi hana fomu ya kujaza wala ofisi ya kuendea.

6/ Huku kwetu mlipaji mpya akawa hoteli. Utalii wa Diani ulipokua, vikundi vilipata ngoma za jioni kwa wageni. Pesa ilikuwa pesa, si utani. Ila mlipaji wa aina hii hukimbia mwanzo wa upepo. Vurugu za Likoni, Agosti 1997, wageni wakaondoka. Fujo za baada ya uchaguzi wa 2007, wakaondoka. Maonyo ya usafiri ya 2014, wakaondoka. Korona 2020, hoteli zikafungwa. Na hoteli zenyewe zimejaa Diani. Ukishapita Msambweni kuelekea Shimoni na Kibuyuni, hata hiyo ngoma ya jioni ni nadra.

7/ Mlipaji mwingine ni mwanasiasa. Huyu twamjua sote. Kikundi chaitwa asubuhi, chakaa juani mpaka saa tisa, chacheza dakika tano mgeni akishuka garini, halafu mtu mmoja akabidhiwa "ya soda" agawie wengine. Hakuna mkataba, hakuna risiti. Kesho ukilalamika, waambiwa huna shukrani. Hii ndiyo kuomba ya aina ya kwanza, na imedumu kwa sababu inamfaa mtoaji: pesa ni kidogo na jina ni lake.

8/ Mwaka 2010 mambo yalibadilika, angalau kwenye karatasi. Kifungu cha 11 cha Katiba kinaitaka serikali ikuze sanaa na utamaduni wa kila namna. Jedwali la Nne linasema shughuli za utamaduni ni kazi ya kaunti. Soma tena: ni KAZI ya kaunti. Kwa hivyo mgombea wa kaunti akikwambia "nitawasaidia wasanii", anakuahidi jambo ambalo ofisi hiyo tayari inapaswa kufanya. Na wa kaunti akikwambia "hiyo ni ya Nairobi", mwonyeshe Jedwali.

9/ Sasa tuje kwenye mlango wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapokwama. Wamakonde wa Kwale ni wachongaji wanaojulikana Afrika Mashariki yote. Wazee wao walitoka Msumbiji wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wameishi hapa vizazi na vizazi, wamezaliwa hapa, lakini kwa miongo mingi hawakuwa na kitambulisho. Oktoba 2016 wakaamua kutembea kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai uraia. Mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho, na wakatambuliwa kama kabila la 43 la Kenya.

10/ Jiulize: kabla ya hapo, mchongaji wa Kimakonde angeomba vipi ufadhili wa sanaa? Bila kitambulisho huandikishi kikundi, hufungui akaunti, hupati pini ya KRA, hata simu hujisajilii kwa jina lako. Sanamu yake yaweza kukaa kwenye hoteli ya nyota tano, yeye mwenyewe hayumo kwenye daftari lolote. Ukimwambia mtu huyo "pesa ziko, hamuombi", unamtukana. Wapemba wa ukanda wetu, majirani zetu wa baharini, walisubiri mpaka 2023 ndipo wakatambuliwa.

11/ Haya, na pesa zenyewe? Kanuni za 2018 ziliunda Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, unaotegemea kodi za kamari. Naam, zile bahati nasibu na beti zinazowamaliza vijana wetu ndizo zinazochangia mfuko wa sanaa. Angalia jina: sanaa iko katikati ya michezo na maendeleo ya jamii, na zote zinagombania kapu moja. Aprili 2020, wakati wa korona, ikatangazwa shilingi milioni 100 za wasanii kutoka mfuko huo. Kwa masikio ni nyingi. Hata ingegawanywa sawasawa kwa kaunti 47, kila moja ingepata milioni mbili na kidogo. Hizo ni za waimbaji, waigizaji, wachoraji na wacheza ngoma wa kaunti nzima. Ukisikia takwimu jukwaani, gawanya kwanza, piga makofi baadaye.

12/ Kitu kingine kinachochanganywa makusudi: mkopo si ruzuku. Hazina ya Vijana ilianza 2006, ya Wanawake 2007, Uwezo ikafuata 2013. Hizo ni za kukopa na kurudisha, hata pale ambapo hakuna riba. Ngoma haina mauzo ya kila wiki kama duka la unga. Kikundi kikichukua mkopo kununua ngoma na mavazi, halafu mialiko isije, wanachama watadaiwa mpaka wakimbiane. Wanasiasa wengi hutaja hazina hizi kama "tumewapa". Hapana, mmewakopesha.

13/ Hapo hapo Kibuyuni kuna funzo. Kijiji kinajulikana kwa mwani. Kilimo kile kilikua kupitia vikundi vya wakulima, wengi wao kina mama: watu wana jina la kikundi, viongozi, mikutano na hesabu. Mfadhili akija, au ofisi ya serikali ikija, kuna mlango wa kubisha. Ngoma za kijiji kimoja na hicho mara nyingi hazina karatasi hata moja. Si uvivu. Ngoma ina mwenyewe, ina mzee wake, ina heshima yake, na heshima hiyo haiandikwi kwenye fomu. Lakini ofisi haisomi heshima, inasoma cheti.

14/ Kwa hivyo kikundi kinahitaji nini? Wanachama 10 au zaidi wenye vitambulisho, kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Katiba fupi ya kikundi. Kumbukumbu za mikutano. Cheti kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii. Akaunti ya benki na pini ya KRA. Na picha au video za kazi, maana anayeamua huenda hajawahi kufika kwenu. Kutoka Kibuyuni ni boda mpaka Kanana, matatu mpaka Kombani, nyingine mpaka Kwale mjini. Ukiambiwa "rudi wiki ijayo" mara tatu, nauli peke yake imeshashinda mchango wa wanachama. Hili nalo ni suala la kisiasa: ofisi iko umbali gani na anayeomba?

15/ Na kuna tarehe ambazo hazitajwi mikutanoni. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa bungeni kufikia 1 Septemba. Karatasi ya sera ya fedha, 28 Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha waanza 1 Julai. Kikundi kinachokwenda kwa MCA mwezi wa saba kimeshachelewa, kitapewa ya soda. Kikundi kilichoandika barua mwezi wa nane, kikahudhuria kikao cha maoni na kuweka nakala yenye muhuri, hicho kina la kufuatilia. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Ulizeni: mwaka jana utamaduni ulitengewa ngapi, na zikatumika wapi?

16/ Tumalizie. Tajiri wa mtaa, mkoloni wa kibali, hoteli, mheshimiwa: wote waliamua ngoma ichezwe lini, na hakuna aliyewajibika kumjibu mchezaji. Katiba ya 2010 ndiyo ya kwanza kumpa mchezaji mahali pa kudai. Basi mgombea akisimama mbele yenu akisema wasanii hawaombi, msibishane naye. Mwulizeni fomu iko wapi, nani anaamua, na majina ya waliopata mwaka jana yamebandikwa ukuta gani. Akijibu hayo matatu, ana sera. Asipojibu, amekuja kuombwa.