Jumuiya yenu inajua nani hajalipa zaka. Na watoto je?

Wasee wa Kisii na Nyamira, Ukatoliki wetu ulianzia Nyabururu, 1911, na mapadre wa Mill Hill. Shirika hilohilo ndilo la Cornelius Schilder, aliyekuwa askofu wa Ngong. 2009 akaondoka, waumini wakaambiwa ni afya. Ukweli ukatoka 2011 kupitia wanahabari wa Uholanzi, kwao: Vatican ilikuwa imemzuia kazi ya kichungaji kwa tuhuma za kumdhulumu kijana kingono. Miaka miwili watu wanamwombea mgonjwa!

Na walei si wanyonge. Tangu miaka ya sabini maaskofu wa AMECEA wamekuwa wakisema kanisa lisimame juu ya jumuiya ndogondogo. Kuchanga mabati, kuzika, kufuatilia zaka, hapo CWA na CMA hawalali. Lakini 2019 Papa Francis aliagiza kila dayosisi iwe na njia ya wazi ya kupokea malalamiko ya dhuluma za kingono, kufikia Juni 2020. Jumapili hii muulize mwenyekiti wako njia hiyo ni gani. Akikwambia mambo ya padre humalizwa ndani, mkumbushe Sheria ya Makosa ya Ngono iko tangu 2006, na kituo cha polisi kiko wazi hata Jumapili.