Kutoka kwa Kiberiti Hadi Dawa za Shosho

Wasee, mnajua kiberiti kilikuwa kinaozesha taya? 1888, wasichana wa kiwanda cha Bryant & May, London, waligoma. Kando na faini na mshahara duni, kulikuwa na mvuke wa fosforasi nyeupe, ulioua mfupa wa taya. 1906, nchi kadhaa zikakubaliana Bern kuipiga marufuku.

Story imeisha? Zii. 2003, daktari Robert Marx wa Miami akaripoti wagonjwa 36 wenye taya lisilopona, wengi baada ya kung'olewa jino. Walikuwa wanatumia bisfosfoneti, dawa za saratani na mifupa dhaifu.

Kwa hivyo shosho akiandikiwa hizo dawa, meno yakaguliwe kwanza, mabovu yatolewe mapema. Ameshaanza? Asiziache kivyake, amwambie daktari wa meno kabla ya koleo.