Mawe ya Tsavo: fundi alipwe kwa siku au kwa kazi?

Kila mtu anayeandikia wateja programu analijua swali hili. Mteja anauliza, "Zote zitakuwa pesa ngapi?" Nawe ungependa kumtajia bei ya saa moja tu, kwa sababu bado hujui kazi ina nini ndani yake. Fundi wa mawe, wa mabomba na wa stima wanalijua vilevile: tufanye kwa siku, au tufanye kandarasi? Wengi hudhani ni suala la bei. Kadiri ninavyosoma historia yetu ndivyo ninavyozidi kuona kuwa kuna maswali mawili mengine: kazi ikichelewa, hasara ni ya nani? Na kipimo kiko mkononi mwa nani?

Tuanzie Tsavo, mwaka 1898. Wengi wetu tunapajua kwa sababu ya simba wawili waliokula wajenzi wa reli. Mhandisi aliyewaua, John Henry Patterson, alikuwa ametumwa kujenga daraja la kudumu juu ya Mto Tsavo. Lakini kitabu chake cha mwaka 1907, The Man-Eaters of Tsavo, kina kisa kingine kisichozungumzwa sana, na hakuna simba hata mmoja ndani yake. Ni kisa cha malipo.

Daraja lilihitaji mawe ya kuchongwa, na mawe yalihitaji waashi. Wafanyakazi waliletwa kutoka Bara Hindi. Patterson anaandika kwamba mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi, na kibarua wa kawaida rupia 12. Bila shaka umeshaona shida iko wapi. Ukijiita mwashi, mshahara wako unakaribia mara nne, na mwisho wa mwezi unapokea hizo 45 hata kama hujawahi kushika patasi. Kwa maelezo yake, wengi wa "waashi" wake walikuwa vibarua tu.

Dawa aliyotumia ni kuacha kulipia mwezi na kulipia kazi. Alipanga viwango, kila aina ya kazi na bei yake, ili fundi hodari apate rupia zake 45 na kidogo juu yake akitaka, na aliyejifanya fundi aambulie kidogo sana.

Ikawa vita. Anasimulia kuwa waliojifanya mafundi walikuwa wengi kuliko mafundi wenyewe, wakawatisha wale hodari wapunguze mwendo ili mpango wake ushindwe. Hilo lilipokosa kufaulu, wakala njama ya kumuua. Tarehe 6 Septemba 1898 alipoingia machimboni walimzunguka. Akaruka juu ya jiwe, akawahutubia kwa Kihindustani, akatoka salama. Baadaye viongozi wa njama walikamatwa, wakashtakiwa na kufungwa. Daraja lilimalizika mwaka 1899.

Ukisoma haraka utasema: basi, kulipia kazi kunawafichua wavivu, kesi imekwisha. Mimi siendi mbio hivyo. Kwanza, tunayemsikia ni Patterson peke yake. Waashi hawakuandika kitabu. Pili, tazama ni nani aliyepanga bei. Ni yeye. Nani aliyepima jiwe likikamilika? Yeye na watu wake. Watu walioletwa kujenga reli walivuka bahari kwa mikataba ya mshahara wa mwezi. Chini ya mshahara huo, jiwe likiwa gumu au patasi ikiwa butu, hasara ni ya reli. Kwa mpango mpya, jiwe lilelile likawa hasara ya mwashi. Aliyekuwa mwongo alipoteza, ni kweli, lakini hata fundi wa kweli alikabidhiwa mzigo ambao hakuwa nao, na hakuulizwa.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Kiswahili chenyewe kinazijua njia zote mbili. Neno "kibarua" ni barua ndogo, kile kikaratasi cha kuonyesha kuwa mtu amefanya kazi ya siku. Huyo analipwa kwa muda. "Ngwe" nayo ni kamba, na pia sehemu ya shamba ambayo mtu amepimiwa alime. Ukimaliza ngwe yako, nenda nyumbani, hata kama jua bado liko juu. Huyo analipwa kwa kazi.

Kisha kuna njia ya tatu, ambayo ilienea katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakati wa Wajerumani na kuendelea chini ya Waingereza. Ni kadi iliyoitwa kipande. (Wakenya tukisikia neno hilo tunakumbuka kile cheti cha alama za vidole ambacho wazee wetu walivaa shingoni, lakini hiki ni kingine.) Kadi ilikuwa na nafasi 30. Kila ukimaliza kazi uliyopimiwa kwa siku hiyo, nafasi moja inajazwa. Zikijaa 30, unalipwa. Usipoenda kazini, au usipomaliza, hakuna kinachoandikwa.

Kwa jina ni malipo ya siku. Kwa kweli ni malipo ya ngwe, maana "siku" imegeuzwa kuwa idadi ya kazi. Mwenye shamba alipata pande zote mbili: mfanyakazi aliyefungwa mpaka kadi ijae, na uhakika kwamba halipii saa ya uvivu. Mfanyakazi naye alipata kitu kimoja, uhuru wa kuondoka ngwe ikiisha. Lakini ukubwa wa ngwe hakuupanga yeye.

Sasa turudi kwenye tarakilishi. Programu ina shida ambayo mawe na mkonge havina: ngwe yake haipimiki vizuri. Ukilipa kwa idadi ya mistari ya msimbo, utaletewa mistari mingi. Ukilipa kwa saa, aliyejifanya fundi atakaa sana kwenye kiti, kama wale waashi wa rupia 45. Ukikubali bei moja kwa kazi nzima, kila neno "ongeza kitu kidogo tu" linakatwa mfukoni mwa mwandishi wa programu.

Kwa hiyo mimi hugawa kazi. Sehemu ninayoijua, kwa mfano ukurasa wa kuingiza malipo ambao nimeujenga mara nyingi, naitoza bei moja, maana hapo nikichelewa ni juu yangu. Sehemu ambayo hakuna anayeijua bado, kama kuunganisha mfumo wa zamani wa mteja, naomba nilipwe kwa saa, na tunaweka kikomo. Na kabla ya kuanza tunaandika pamoja maana ya "imekwisha".

Hilo neno "pamoja" ndilo lililokosekana Tsavo na kwenye mkonge. Fundi akikuuliza kwa siku au kandarasi, usikimbilie kupiga hesabu ya shilingi. Muulize kwanza: jiwe likiwa gumu tutafanyaje, na nani atasema kazi imeisha? Mkikubaliana hayo mawili, bei yoyote mtakayoitaja itakuwa na maana moja kwenu nyote.