Bunge la Chama au Bunge la Wapigakura: Mjadala wa Wingi Bungeni Ukitazamwa kutoka Mbeya na Iringa

Mwezi Septemba 1958, kila mpigakura wa Jimbo la Nyanda za Juu Kusini alitakiwa na sheria kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wapigakura wenyewe walikuwa wachache, kwa kuwa sharti lilikuwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa na serikali. Chama cha UTP, kilichoungwa mkono na walowezi wengi wa Iringa na Mbeya, kilishikilia kwamba viti vya Baraza la Kutunga Sheria vigawanywe sawa kwa rangi, ili watu wa rangi moja wasiwatawale wengine. TANU iliuchukia utaratibu huo, lakini katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958 iliamua kuuingia ili iushinde kwa ndani.

Matokeo yake yalionekana Nyanda za Juu. Ivor Bayldon, kiongozi wa UTP, alishindwa na Lady Chesham, mlowezi wa Iringa mzaliwa wa Marekani aliyeungwa mkono na TANU. Jambo hili husahaulika mara nyingi: kiti kilichotengwa kwa ajili ya Mzungu kiliamuliwa na Waafrika walioitikia wito wa chama chao.

Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na hata kile cha Mbulu kilichobaki kilichukuliwa na mwana-TANU aliyesimama peke yake. Ndipo swali lilipogeuka. Mwaka 1963 Nyerere alitoa hoja kwamba pale ambapo chama kimoja kimekuwa sawa na taifa zima, mashindano ya vyama hayana maana. Wananchi wachague mtu, si chama. Mwaka 1965 wagombea wawili wa chama kilekile walishindana kwa alama za jembe na nyumba, na baadhi ya mawaziri walianguka.

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, ila ilikuwa na ufa. Mbunge aliyefukuzwa katika chama alipoteza na kiti chake, kama ilivyotokea mwaka 1968, hata kama waliomchagua walikuwa bado wanamtaka. Mwaka 1973 wabunge waliukataa mswada wa kodi ya mapato, kisha wakaupitisha baada ya kutishiwa kuvunjwa kwa Bunge. Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Kalenga, Iringa, aliyekuwa Spika miaka ya 1962–1973 na 1975–1994, aliongoza sehemu kubwa ya kipindi hicho, na ndiye aliyekuwa kitini sheria ya vyama vingi ilipopitishwa mwaka 1992. Inafaa ikumbukwe kwamba kati ya waliohojiwa na Tume ya Nyalali, karibu watu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee.

Uchaguzi wa 1995 uliipa CCM viti 186 kati ya 232 vya majimbo. Kwa wapinzani, wingi wa namna hiyo uliifanya serikali ijihoji yenyewe. Kwa wenye chama, uliiwezesha kutekeleza ilani bila mikwamo. Lakini pande zote mbili zilipata la kujibu mwezi Februari 2008. Kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond iliongozwa na Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM wa Kyela, mkoani Mbeya, na taarifa yake ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu. Kwa hiyo wingi peke yake haukutosha kueleza mwenendo wa Bunge. Ilitegemea kama mbunge wa chama tawala aliona salama kusema.

Miaka miwili baadaye Mbeya Mjini na Iringa Mjini zilikwenda CHADEMA, kwa Joseph Mbilinyi na Peter Msigwa, na zikabaki huko mwaka 2015. Mwaka 2020 zote mbili zilirudi CCM, katika uchaguzi ambao wapinzani waliyakataa matokeo yake na ambao uliacha viti vichache sana nje ya chama tawala. Mbeya Mjini ilichukuliwa na Tulia Ackson, ambaye mwezi Februari 2022 alichaguliwa kuwa Spika, wadhifa alioushika hadi 2025. Jiji lililokuwa limempeleka mpinzani bungeni mara mbili mfululizo sasa mbunge wake alikaa katika kiti cha kuamua nani apewe nafasi ya kusema.