Kwa nini wachezaji wa Dungeons & Dragons wanaogopa mlango

Jamani, mmeona wenyewe: chumba kimoja, saa nzima. Huyu anasikiliza mlango, yule anagongagonga sakafu kwa fito, wa tatu anasema tungoje kwanza. Msimamizi wa mchezo anachoka, anawaita waoga. Sisi tunasema uoga huo una historia, na wachezaji siyo walioanzisha.

Mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mhusika mpya alikuwa dhaifu kabisa, pigo moja linammaliza. Mwaka 1975 Gygax akapeleka kwenye mkutano wa Origins kaburi lake la mitego, Tomb of Horrors, likachapishwa 1978. Mle ndani kuna sura ya shetani ya kijani, mdomo wazi, giza tupu. Ukiingia mdomoni umeisha, hakuna cha kurusha dadu. Watu wakajifunza kubeba fito ya futi 10 na kutega sikio kila mlango. Halafu kitabu cha mazimwi cha 1977, Monster Manual, kikaleta mdudu anayekaa kwenye mbao na kuingia sikioni mwa anayesikiliza mlango! Yaani hata tahadhari ikawekewa mtego. Mtu wa hivyo kesho hatagusa hata kitasa.

Lakini sheria za zamani zilikuwa na dawa pia: muda. Mwaka 1974, kila dakika 10 za mchezo msimamizi alirusha dadu. Ikija 6, zimwi linatokea. Katika toleo la 1981 mwenge ulizimika baada ya saa moja. Uzoefu ulitokana sana na dhahabu, basi anayeganda mlangoni hapati kitu. Siku hizi wengi wanaona kuhesabu kunachosha. Mitego wameibakiza, saa wameitupa.

John Harper, kwenye Blades in the Dark (2017), alikata mipango mirefu. Kazi inaanza katikati, na mchezaji anaweza kusema, "Huyu mlinzi nilishamhonga jana," ila mara nyingi mhusika wake analipia kwa msongo. Hii tunaipenda.

Maana mezani petu kuna watu waliojua kusikiliza mlango kabla hawajawahi kushika dadu. Ukimcheka mtu huyo, harudi. Kwa hiyo Jumamosi msimamizi ataitaja hatari waziwazi kabla mtu hajaamua: sakafu imeoza, ukikimbia mguu unaweza kuvunjika. Na mwenge utahesabiwa.