Ndugu Yangu na Barabara ya Zambia

Katika shajara ya ukoo wetu, ile iliyochapwa Maskati na kusambazwa kwa jamaa walioko Unguja, Dar es Salaam, Dubai na hapa Australia, kila mwanamume ana mstari wake. Huyu alikuwa kadhi, yule mfanyabiashara wa karafuu, mwingine nahodha aliyezikwa Lamu. Chini ya jina la marehemu ndugu yangu mkubwa pameandikwa maneno mawili tu: hakuacha kizazi. Habari hiyo si sahihi. Aliacha mabinti watatu, na wajukuu wanane ninaowajua kwa majina. Aliacha pia miaka 39 ya barabarani, ambayo waandishi wa shajara hawakuitengea nafasi.

Naandika haya kutoka Macquarie Fields, kitongoji cha kusini-magharibi mwa Sydney, ninakoishi tangu mwaka 1998. Jina la mahali hapa lilitolewa na James Meehan, mpima ardhi Muairishi aliyeletwa huku akiwa mfungwa baada ya uasi wa mwaka 1798 kwao, kisha akapewa ardhi na kuiita kwa jina la gavana wake, Lachlan Macquarie. Basi hata hapa aliyepapa jina ni mtu aliyeondolewa kwao kwa nguvu. Upande wa magharibi yetu inapita barabara kuu iendayo Melbourne, na usiku upepo ukivuma kutoka huko nasikia malori yakibadilisha gia. Sauti hiyo naijua tangu utoto.

Ndugu yangu alizaliwa Unguja mwaka 1947, nami nikamfuata baada ya miaka 12. Baba alikuwa na duka la nafaka karibu na Darajani. Ya Januari 1964 sitayasimulia. Kila aila miongoni mwenu ina simulizi yake ya mwaka ule, na nyingine hazijatamkwa hadi leo. Inatosha kusema kwamba tulivuka kwenda Dar es Salaam tukiwa na masanduku mawili, tukapokelewa na mjomba wetu Kariakoo, na baba hakufungua tena duka. Alifariki mwanzoni mwa mwaka 1966. Mama alibaki na watoto watano, na mkubwa wao alikuwa kijana wa miaka 19 aliyehitimu chuo cha Qurani na kuacha skuli njiani.

Kilichomfanya kijana huyo kuwa mtu wa malori hakikutokea Kariakoo. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya Wazungu wachache chini ya Ian Smith huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyokuwa huru kwa mwaka mmoja tu na isiyo na pwani, ilikuwa ikipata mafuta yake na kusafirisha shaba yake kwa kupitia Rhodesia. Mafuta yalipokatika mwezi Desemba, ndege zilianza kupeleka mapipa kutoka Dar es Salaam, lakini nchi haiendeshwi kwa mapipa ya ndege. Ikabaki barabara: Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, kisha Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi. Sehemu kubwa yake ilikuwa ya udongo, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Waingereza waliipa jina la njia ya Jahanamu, na kwa mara moja hawakutia chumvi. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia pamoja na washirika wao wa Kitaliani waliunda kampuni ya usafirishaji iliyoleta malori ya Fiat kwa mamia, na kila mwenye lori lake binafsi naye akaingia katika kazi hiyo. Tajiri mmoja jirani yetu alikuwa na malori matatu. Ndugu yangu akaajiriwa kuwa utingo.

Wajukuu zetu waliozaliwa ughaibuni hawajui utingo ni nani, maana malori ya huku hayana mtu huyo. Utingo ndiye afungaye turubai na kulifungua, abadilishaye gurudumu usiku wa manane, alalaye juu ya mzigo ili usiibwe. Katika kupanda mlima Kitonga, baada ya Ruaha Mbuyuni, alikuwa akitembea kwa miguu nyuma ya lori huku amebeba gogo, tayari kulisukumia chini ya gurudumu injini ikishindwa. Gogo likichelewa, lori na tela hurudi bondeni pamoja na dereva. Lori likiharibika, utingo alikata matawi mabichi na kuyatandaza barabarani mbele na nyuma, hatua nyingi kutoka lilipo, ili anayekuja na taa mbovu aonywe. Alama hiyo ya majani ingali ikitumika. Sijui ni nani aliyeibuni, lakini naamini imeokoa roho nyingi kuliko sheria zote za usalama barabarani zilizopita mezani kwangu nilipokuwa karani.

Alisukuma gogo kwa miaka mitatu. Mwaka 1969 alipata leseni ya magari makubwa, akakaa upande wa usukani. Kwenda walibeba mapipa ya mafuta, mbolea na vipuri. Kurudi walibeba shaba. Mwaka 1968 bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikuwa limekwisha kufunguliwa, na watu wakasema kazi ya malori imekwisha. Halikadhalika walisema tena mwaka 1976, Wachina walipokabidhi reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860. Kazi haikwisha. Lami ilipofika Tunduma malori yaliongezeka, na ndugu yangu akaendelea kuondoka alfajiri ya Jumatatu na kurudi siku ambayo Mungu ameandika.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwani ndipo ninapotofautiana na waandishi wa shajara yetu. Wazee wanaotajwa humo kwa fahari ni wale waliokwenda bara na misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Tunayajua mambo ya zama hizo, tena kwa Kiswahili, kwa sababu Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe. Lakini mzigo wa misafara ile haukubebwa na wenye kutajwa. Ulibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na frasila mbili hivi kichwani au begani, yaani kilo thelathini na kitu. Njia hizohizo zilipitishwa watumwa, jambo ambalo shajara zetu hulipita kimya, na mimi sitalipita. Lori la tani 30 hubeba mzigo wa wapagazi zaidi ya 900. Ndugu yangu alifanya safari ya wapagazi, si safari ya matajiri, na wino wa ukoo ukamtendea kama ulivyowatendea wao: mwenye mali aliandikwa, mbebaji akaachwa.

Dharau hiyo haikuanza kwenye karatasi. Alipopeleka posa kwa mara ya kwanza, baba wa binti alijibu kwamba hana la kusema juu ya nasaba ya kijana, ila hawezi kumwoza binti yake kwa mtu asiyejua atalala wapi. Alioa baadaye, kwa watu wa Morogoro, wakamheshimu. Miaka ya 1980, ukimwi ulipoanza kuua, jina la dereva wa masafa marefu liliharibika kabisa. Watafiti waliwafuata madereva katika vituo vyao, na hilo lilikuwa na maana yake. Hata hivyo mitaani utafiti uligeuka hukumu, na wake zao na watoto wao wakaibeba. Shemeji yangu alinyooshewa vidole kwenye arusi na kwenye msiba. Mumewe hakuwahi kugombana na mtu kwa ajili hiyo. Alikuwa akisema tu kwamba chumvi mliyotilia mchuzi mchana imekuja na lori.

Vita vya Kagera pia vilimpitia. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1978 serikali ilichukua malori na mabasi ya watu binafsi kwa ajili ya jeshi, na lori la tajiri wake likachukuliwa pamoja na yeye. Alibeba unga na maharage akifuata askari hadi Masaka. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979; yeye alirudi nyumbani mwezi Juni, amekonda, na hakupenda kuzungumzia aliyoyaona. Nilipohamia huku nilikuja kujua kwamba katika mwezi uleule wa Aprili 1979 madereva wa Australia walikuwa wameziba barabara ya Hume kwa malori yao kwenye kilima cha Razorback, kati ya Camden na Picton, mwendo mfupi kutoka hapa ninapoandika. Walipinga ushuru uliotozwa kwa kila tani na kila maili. Walikaa siku tisa, mizigo ikasimama katika majimbo kadhaa, na ushuru ukafutwa. Nilipomsimulia ndugu yangu kwa simu aliuliza swali moja: wenye malori walikuwa ni wao wenyewe? Nikamwambia ndiyo, wengi wao. Akasema, basi ndiyo sababu walisikilizwa.

Aliacha usukani mwaka 2005 kwa sababu ya macho. Mwaka 2009 alikuja kututembelea, mara yake ya kwanza na ya mwisho. Wengine walitaka kumwonyesha bahari na lile jumba maarufu la muziki. Yeye akaomba aonyeshwe barabara. Nikampeleka hadi Tarcutta, kijiji kilicho takriban katikati ya Sydney na Melbourne, ambako madereva hupumzika na kubadilishana matela. Njiani aliisifu lami, akahesabu magurudumu, akakasirishwa na madereva wasioamkiana kwa taa. Kisha akauliza, utingo wao yuko wapi? Nilipomweleza kwamba kila mmoja yumo peke yake usiku kucha, alinyamaza kwa mwendo mrefu. Barabara hii, alisema hatimaye, haina mtu wa kumwuliza hali.

Huko Tarcutta kuna ukumbusho wa madereva wa malori waliofariki, wenye kuta zilizoandikwa majina. Ndugu yangu alikisoma Kiingereza kwa shida lakini majina hayahitaji lugha. Alipita ukuta mmoja baada ya mwingine, kidole chake kikifuata herufi kama afanyavyo mtu katika msahafu. Alitaka kujua nani hulipia jiwe, na iwapo aliyeajiriwa huandikwa sawa na mwenye lori. Nilimsomea maelezo yaliyokuwapo. Akasoma Fatiha, akifahamu kabisa kwamba wengi wa waliomo hawakuwa wa dini yetu, akasema dua ya msafiri haichagui msafiri.

Alifariki Dar es Salaam mwaka 2017. Sikuwahi mazishi, tulimswalia salatul ghaib hapa, watu kumi na wawili sebuleni kwangu. Binti yake mkubwa aliniletea baadaye madaftari manne yaliyofungwa kwa mpira wa tairi. Marehemu hakuwa mwepesi wa hati za Kizungu, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo aliandika kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandika babu zetu barua zao. Mabinti zake hawakuweza kuyasoma. Mimi naweza, na nimekuwa nikiyanakili kidogo kidogo tangu nilipostaafu. Humo mna tarehe za kuondoka, lita za dizeli, madaraja yaliyovunjika, bei ya mchele Makambako, siku tano za kungoja mpakani Tunduma. Mna pia hesabu ya fedha alizompa mama. Kando ya baadhi ya safari ameandika neno ada, na baada yake herufi ya kwanza ya jina langu. Nimezihesabu: ni safari 14.

Nimewaandikia wenye kutunza shajara nikiomba mambo mawili. La kwanza, yale maneno mawili yafutwe, na mabinti watatu waandikwe kwa majina yao chini ya baba yao. Nimejibiwa kwamba nasaba haipiti kwa wanawake. Nami nimewajibu kwamba masharifu wote, ambao shajara zao tunazibusu, wanaunganishwa na Mtume kwa Bibi Fatima, na kwamba hata kwa kanuni wanayoitaja wao, binti mwenyewe ni wa baba yake hadi kaburini. La pili, paandikwe kazi yake, dereva wa lori, kama palivyoandikwa nahodha na kadhi. Hili la pili wamekwisha kulikubali. La kwanza bado tunajadiliana, na nitawajulisha.

Kuna jambo moja ambalo nawahitaji ninyi wasomaji, hasa wenye wazee Morogoro, Iringa na Mbeya. Marehemu aliandika majina ya utingo wote aliofanya nao kazi, na vijiji vyao. Ni 11. Wawili wana alama ya msalaba wa wino pembeni na neno Kitonga, mmoja mwaka 1971, mwingine mwaka 1988. Mbele ya majina hayo mawili amerudia kuandika kiasi kidogo cha fedha kila mwisho wa mwaka, hadi mwaka 2004, na jina la mwanamke aliyepokea. Natafuta aila za vijana hao wawili. Atakayesikia habari ya mzee wa kike aliyekuwa akiletewa fedha na dereva Mwarabu wa lori la Zambia, tafadhali aniandikie.